Neno la Kiingereza lenye maana nyingi zaidi ni "run", si "set"

"Set" iliongoza kwa wingi wa maana katika toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford, la 1989, ikiwa na zaidi ya 400, ndiyo maana maswali ya chemsha bongo bado yanaitaja. Kwenye toleo la tatu "run" imeipita: maana 645, tena kitenzi peke yake. Peter Gilliver, mhariri aliyeishughulikia, ilimchukua takriban miezi 9.

Ukiangalia matumizi unaelewa kwa nini. Kwa Kiingereza, neno hilohilo hutumika kwa mto unaotiririka, pua inayochuruzika mafua, injini inayofanya kazi, mtu anayegombea ubunge, anayeendesha duka lake, na hata rangi ya nguo inayochuja kwenye beseni la kufulia. Sisi karibu kila moja ina kitenzi chake.

Ila usikariri 645 kama maana za kujifunza. Kamusi ile huweka hata matumizi yaliyokwisha kufa zamani na hutenganisha maana zinazokaribiana sana. Kamusi ya mwanafunzi ina chache mno, na hizo zinatosha kwa mtihani.