Muulize Shangazi: "Mama, mimi nina jina"

Hujambo shangazi. Niko Nakuru, mimi na mzee wangu tuna watoto sita, mmoja wa kuzaa na watano tumewaasili, karatasi za korti zote tunazo. Wawili ni Waturkana ndugu wa damu, mmoja Mluo, mmoja mamake alikuwa Mkamba, na yule mdogo kabisa aliokotwa akiwa mchanga, hata kabila lake hakuna anayejua. Majirani wanatuita Umoja wa Mataifa, mi nacheka tu. Shida ni kanisani tunasimamishwa mbele kila saa ati tuwe mfano wa umoja, na mzee anapenda hiyo kitu sana, mgeni akiingia tu anaanza huyu wetu wa Turkana, huyu wetu wa Kisumu. Juzi msichana wetu mkubwa, yuko sekondari, akainuka akaenda chumbani, nikimfuata akaniambia mama mimi nina jina. Mzee anasema tukinyamaza watasahau asili, tena anataka kila mtoto atafutiwe mwalimu wa lugha yake. Nani yuko sawa?
Mama Sita, Nakuru

Mama Sita, msichana yuko sawa, wacha nianze hapo. Mzee hana nia mbaya, anajivunia watoto wake, lakini hebu nikupe kisa cha mama mwingine aliyekuwa na nia nzuri hata kumshinda.

Josephine Baker, yule mwimbaji na dansa mweusi aliyezaliwa St. Louis Marekani mwaka 1906, alienda Paris 1925 akawa staa wa ajabu. Ubaguzi alikuwa ameuona tangu utotoni, kwa hivyo 1954 yeye na mumewe Jo Bouillon wakaanza kuasili watoto wa kila rangi ili dunia ione wanaweza kulelewa ndugu. Japani alienda kuchukua mmoja akarudi na wawili, afu wakaja wa Ufini, Kolombia, Kodivaa, Algeria, Venezuela, Moroko na Ufaransa yenyewe, mpaka wakafika 12, wavulana kumi na wasichana wawili, akawaita kabila la upinde wa mvua. Akawaweka kwenye kasri lake la Les Milandes huko Dordogne, Ufaransa, na hapo ndo kuna maneno, manake watalii walikuwa wanalipa kiingilio na moja ya vitu vya kuona ni hao watoto wakicheza! Hata dini wengine walipangiwa, huyu awe Muislamu, huyu Mbudha, huyu Mkatoliki, ndio picha ikamilike. Madeni yalimzidi, 1969 akafurushwa kasrini, Princess Grace wa Monaco ndiye alimsaidia kupata nyumba Roquebrune, akaendelea kupanda jukwaani mpaka akafa 1975. Ufaransa ilimwingiza Panthéon, lile jengo la Paris la kuenzi mashujaa wao, mwaka 2021, mwanamke mweusi wa kwanza kupewa heshima hiyo, na kwangu alistahili. Watoto wake wengi wanamtaja kwa upendo, na bado baadhi yao wakiwa watu wazima wamesema kule kutazamwa na wageni hawakukupenda.

Kwa hivyo ya kanisani ikome. Mwambie pasta kwa heshima kwamba mtaendelea kuja ibada ila mtakaa kwenye benchi kama wengine. Na mgeni akija mtoto atajwe kwa jina lake basi, akitaka kusema ametoka wapi atasema mwenyewe.

Lugha je? Hapo mzee ana pointi nusu. Nakuru yenyewe unajua, baada ya uchaguzi wa 2007 watu waliuawa na kufukuzwa kwa sababu ya jina la pili, so huwezi kumlea mtoto kama vile kabila halipo, shule watamuuliza tu. Lakini mwalimu wa kulipwa Jumamosi wakati wenzake wanacheza mpira, hiyo ni adhabu. Hao Waturkana kama wana nyanya au mjomba anayejulikana, wapelekeni Lodwar likizo, wiki mbili na binamu zao watashika lugha kuliko mwaka mzima wa daftari. Yule wa Mkamba ngoja aulize, akiuliza mwambie yote unayojua hata yale machungu.

Huyo mdogo ndiye nataka mumwangalie sana. Msimbunie kabila. Najua mtu atakuja na kusema ati hiyo pua ni ya Wakalenjin, mfukuzeni na chai yake. Hata kwenye sensa kuna hesabu ya watu walioandikwa Wakenya tu bila kabila. Mwambieni ukweli mapema kwamba hatujui, na kwamba yeye ni wa kwenu.

Shangazi, mimi na mume wangu ni Waislamu, tunalea yatima wawili, mmoja Mgiriama. Tumeambiwa hatuwezi kuwapa jina letu wala urithi. Sasa tunawalea kama nani?
Bi. wa Likoni

Mnawalea kwa kafala dada, yaani malezi ya Kiislamu ya mtoto asiye wako bila kumfanya wa kuzaa, na Sheria ya Watoto ya 2022 inaitambua. Mtoto anabaki na jina la babake, na fungu la mirathi kweli hana, lakini unaweza kumuusia mpaka theluthi ya mali au kumpa zawadi ukiwa hai, nyumba hata shamba. Nendeni ofisi ya watoto na kwa kadhi mwandikishane, msiache ikawa maneno ya mdomo tu, manake siku mmoja wenu akifunga macho, mashemeji ndio watakuja kuhesabu sahani.