Kimashine cha kuvuta kwa shamba la Nakasongola

Bosi umeuliza kama kimashine kidogo cha kufyeka cha kuvuta na pikapu kitaweza ekari zako huko Nakasongola, Uganda. Kitaweza, ila uangalie ni aina gani maana zipo zinazozungushwa na shafti ya trekta na hizo pikapu yako haiziwezi hata ufanyeje, wewe tafuta yenye injini yake yenyewe, hiyo hata pikipiki ya magurudumu manne inaivuta. Upana wa mita 1.2 hivi unatosha, na mkono wa kuvutia uwe unasogezwa pembeni ili mashine ipite kando ya gari, la sivyo matairi yatalaza nyasi kabla kisu hakijafika.

Shida yenu kule sio nyasi lakini, ni vichuguu! Kisu kikigonga kichuguu kilichojificha kwa majani umekwisha, kwa hiyo lipa vijana wawili watangulie na panga wakichomeka vijiti vya alama penye vichuguu, na ukate juu juu, sentimita 10 au zaidi, hiyo ni malisho sio uwanja wa mpira. Watoto wasikae karibu, mawe yanaruka vibaya.

Lantana nayo, kile kichaka kinachovamia malisho, ukiifyeka inachipua tena, visiki vyake lazima vijana wang'oe na jembe, na majani usiwaachie ng'ombe maana ni sumu kwao.

Kama ni ekari moja mbili tu achana na mashine, slasha zinatosha kabisa.