Chumba Kidogo Nyuma ya Spika: Niliyojifunza Nikijenga Spika za Honi Mikindani

Nyumba ninayoishi hapa Mikindani ina sebule ndefu yenye kuta za mawe ya matumbawe, na kona zake mbili zimekaliwa na maboksi ya honi niliyojenga mwenyewe kwa plaiwudi. Kila boksi lina spika moja tu ya inchi 6, bila wufa (spika ya besi) na bila twita (spika ya sauti nyembamba). Spika hiyo hiyo hubeba besi, sauti za kati na sauti nyembamba. Vijana wanaokuja kuyatazama huanza kwa kuniuliza ninunue spika gani au ampilifaya iwe ya wati ngapi. Mimi huwaanzishia mahali pengine, kwenye chumba kidogo cha hewa kilicho nyuma ya spika, kwa sababu hapo ndipo jozi yangu ya kwanza ilipoharibikia.

Kwanza nieleze honi inafanya nini. Mtu akipuliza midomo mitupu hasikiki hata ng'ambo ya ua, lakini pumzi ile ile ikipitia kwenye baragumu huamsha kijiji. Koni ya spika, yaani ule uso wake unaotikisika, nayo ni hivyo: ikiwa wazi, hewa iliyo mbele yake ni nyepesi mno, koni inatikisika sana na sauti inayotoka ni ndogo. Honi huikamata hewa mahali pembamba, kwenye koo, kisha huipanua polepole hadi mdomoni, na koni hupata kitu cha kusukuma. Katika maboksi yangu, upande wa mbele wa koni huimba moja kwa moja chumbani, na sauti ya upande wa nyuma huingia kwanza kwenye kile chumba kidogo, kisha hupitia kwenye koo la honi iliyokunjwa ndani ya boksi na kutoka chini ikiwa besi.

Faida yake kwa mtu wa huku ni kubwa. Spika inayozidi nyingine kwa desibeli 10 huhitaji sehemu moja ya kumi ya wati ili kufikia sauti ile ile. Ampilifaya yangu ni ndogo ya volti 12, inatumia betri ya sola, na umeme ukikatika muziki hauna habari. Majumba ya sinema ya mwishoni mwa miaka ya 1920 yalijazwa sauti kwa ampilifaya za wati chache kwa njia hiyo hiyo, na mafundi kama Paul Voigt wa Uingereza na Paul Klipsch wa Marekani, aliyeanza kuuza spika zake za kukaa konani mwaka 1946, walijenga kazi zao juu ya hoja hiyo.

Spika unayochagua iwe na koni nyepesi ya karatasi na sumaku yenye nguvu. Ikiwa ina karatasi ya vipimo, tafuta kile kinachoandikwa Qts, yaani kipimo cha jinsi koni inavyodhibitiwa isiendelee kutikisika yenyewe. Kikiwa kati ya 0.2 na 0.4 spika hiyo inaifaa honi. Wati zilizoandikwa kwa rangi ya dhahabu mgongoni usizitilie maanani hata kidogo.

Sasa hesabu ya njia. Honi ninayoizungumzia hupanuka kwa kujizidisha, yaani eneo lake la ndani huwa maradufu kila baada ya urefu ule ule. Urefu huo hutegemea mwendo wa sauti, ambao kwa joto letu la nyuzi 27 ni kama mita 347 kwa sekunde, pamoja na sauti nene kabisa unayotaka honi iibebe. Nilichagua hezi 50, yaani mitikisiko 50 kwa sekunde, na hesabu ikanipa sentimita 38. Upana wa ndani niliuacha sentimita 20 mwanzo hadi mwisho, ili kinachobadilika kiwe kimo peke yake: kooni sentimita 4, baada ya sentimita 38 kinakuwa 8, kwenye sentimita 77 ni 16, kwenye 115 ni 32, na mdomoni, kwenye sentimita 153, ni 64. Anayetamani kushuka hadi hezi 40 atahitaji karibu sentimita 48 kwa kila maradufu, na boksi lake litakuwa kubwa kuliko anavyodhani. Unapoikunja njia hiyo, pima urefu kwa kupita katikati ya njia, wala si kwa kufuata ukuta wa nje, na kila inapogeuka weka kipande cha mbao cha kukata kona ili hewa isijikusanye hapo.

Lazima niseme ukweli kuhusu mdomo. Ili hezi 50 zitoke bila kurudi ndani, mdomo ungehitaji kuwa mkubwa karibu mara nne ya wangu hata boksi likiwa konani, na hakuna sebule itakayokubali hivyo. Kwangu besi huanza kupungua waziwazi chini ya hezi 65 hivi. Nimeridhika nayo, kwa kuwa ngoma na gitaa la besi husikika likiwa na umbo lake, lakini usijenge ukitarajia tetemeko.

Jozi yangu ya kwanza ilikuwa na njia sahihi kabisa kwa vipimo hivyo, na bado ilisikika vibaya. Mzee mmoja jirani, aliyekuwa amekaa barazani akisikiliza taarifa ya habari, aliniita akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, huyu msomaji kaingia mtungini?" Nilimjibu kuwa nitaangalia, na kwa wiki kadhaa nilihangaika na ampilifaya, waya na hata redio yenyewe. Kosa lilikuwa chumba cha nyuma. Nilikuwa nimekifanya kidogo, hakikufika lita 1, nikiamini kwamba hewa ikibanwa zaidi ndivyo besi itakavyokuwa na nguvu.

Chumba hicho pamoja na koo hufanya kazi ya chujio. Hewa iliyomo hujikunja kama sponji na kumeza mitikisiko ya haraka, huku ikiiachia ile ya polepole ipite kwenye koo. Kwa koo la sentimita 80 za mraba, chumba cha lita 1 huruhusu sauti hadi karibu hezi 440 zipite. Cha lita 2 hukata kwenye 220. Cha lita 3 kwenye 147. Cha lita 4 kwenye 110. Sasa kumbuka kwamba sauti ya nyuma huzaliwa ikiwa kinyume na ya mbele, na inachelewa njiani kwa sentimita 153. Karibu na hezi 113 ucheleweshaji huo huigeuza, nazo husaidiana. Karibu na hezi 227 hukutana zikipingana, na moja huila nyingine. Chumba changu kidogo kilikuwa kinaiachia honi iimbe mpaka humo, ndani kabisa ya sauti ya mwanamume anayezungumza, na mtungi alioutaja yule mzee ulikuwa huo.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: jenga chumba cha lita 4, kisha kipunguze. Kabla ya kufunga ubavu wa mwisho, laza boksi, ziba koo kwa kipande cha ubao na ujaze chumba mchele kwa kopo la lita 1 ili ujue ujazo wake halisi, na ukumbuke kutoa nafasi inayoliwa na sumaku na fremu ya spika. Mimi nilichukua masalia ya mpingo kwa wachongaji, nikayakata vipande vya sentimita 10 kwa 10 kwa 5, ambavyo kila kimoja ni nusu lita. Mpingo ni mzito hata huzama majini, kwa hiyo haupigi kelele ndani ya boksi. Nikiwa na lita 4 kamili, sauti ya mtu ilikuwa safi lakini besi ilikuwa hafifu na imejitenga. Kipande kimoja kilileta nafuu. Cha pili, yaani lita 3, kikaiunganisha besi na sauti ya kati, na nilipoweka cha tatu nilianza kuusikia mtungi kwa mbali. Nilirudi kwenye viwili na kuvigandisha. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na usikilize sauti ya mtu unayemfahamu, kwa maana sikio halidanganyiki kirahisi kwa sauti ya binadamu.

Nyuma ya spika bandika sufi kidogo, ile ya kujazia mito, ukiifunga kwa kitambaa chepesi ili isiingie kwenye koo. Konzi moja inatosha. Ikizidi, besi inakufa.

Mivujo ya hewa nilijifunza kuitafuta kwa udi. Tumia programu ya simu itoe mlio wa hezi 40 kwa sauti ya wastani, washa kijiti cha udi, na kipitishe polepole kando ya kila maungio. Moshi hupanda wima na kutulia, lakini kwenye mvujo hutetemeka na kukatika vipandevipande. Baada ya masika moja nilikuta tetemeko hilo kwenye ubavu wa kushoto, kwani gundi niliyotumia haikuwa ya kuhimili unyevu. Tumia gundi isiyoyeyuka kwa maji, na skrubu kila sentimita 10.

Sauti nyembamba za spika ya namna hii huwa kali ukizielekeza usoni. Geuza maboksi yatazame nje kidogo ya mahali unapokaa kabla hujafikiria kuongeza chochote kwenye waya. Ikiwa ukali bado upo, koili ya milihenri 1 iliyofungwa sambamba na rezista ya omu 4.7, kisha vyote viwili viunganishwe kwa mfululizo na spika, hulainisha sauti kuanzia karibu hezi 750 kwenda juu. Mimi niliitoa baada ya mwezi, kwa sababu pazia zito kwenye ukuta wa mawe lilifanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Viunganishi vya waya vichomelee kwa risasi badala ya kuvibana, kwa sababu upepo wa bahari huvitia kutu ya kijani kwa miezi michache. Halafu kila masika yakiisha, washa tena udi.