Kaa koko: hao vikaa usiwanunue

Usiwanunue. Kama simu iko mkononi na hela iko tayari kutumwa, weka simu chini kwanza.

Mkuu, umeandika kwamba uko Kisiju, una akiba yako, na kuna "mtaalamu" anakuuzia vifaranga wa kaa koko wa ukubwa wa kidole gumba, uwaweke wote kwenye kizimba kimoja kikubwa, na baada ya miezi mitatu uwauzie Wachina. Ukauliza mbegu, chakula, vibali, soko na ujenzi wa kizimba. Hiyo sinema nimeshaicheza hapa Tanga, tena kwa hela ya bodaboda yangu niliyouza. Mimi ndiye niliyekuwa stelingi, na stelingi alikufa.

Kaa hakui kama kuku. Gamba lake halitanuki, kwa hiyo ili akue lazima alivue atengeneze jingine. (Nasema kujivua gamba kweli, si kule kwa CCM mwaka 2011.) Akishalivua anakuwa laini kama andazi bichi, hawezi kubana wala kujitetea, na inamchukua siku kadhaa gamba jipya kukomaa. Huko mkokoni, muda huo wote anajificha. Kwenye kizimba cha pamoja ajifiche wapi, na majirani wote ni kaa wenye njaa? Kaa koko hana undugu. Na kumbuka kaa mdogo anajivua mara nyingi kuliko mkubwa, maana ndiye anayekua mbio. Ukiwa na vikaa wengi, karibu kila siku kuna mmoja yuko laini, na kila usiku kuna karamu.

Mimi nilikuwa nafika asubuhi, nakuta magamba matupu yametapakaa, nafurahi! Napiga picha, namtumia bwana aliyenifundisha kazi hii. Ananijibu, "Hongera, wanakua." Kumbe baadhi ni magamba yaliyovuliwa na mengine ni marehemu, na mimi nahesabu yote kama maendeleo. Nikazidi kuwatupia utumbo wa samaki nikidhani labda ni njaa. Wapi! Mwishoni nilibaki na kaa wachache, wanene, wakorofi, waliolelewa kwa nyama ya wenzao niliowanunua mmoja mmoja. Sidhani kama kuna mfugaji Tanzania hii aliyewahi kulisha mifugo chakula cha bei ile. Mke wangu mpaka leo nikileta wazo la biashara ananiuliza, "Hawa nao wanalana?"

Huyo aliyenifundisha simtaji, ila nitamsema. Semina ilifanyika hotelini, kiyoyozi, chai na sambusa, cheti mwishoni. Picha zote alizotuonyesha zilikuwa za mabwawa ya Vietnam. Alichokificha ni kwamba Vietnam wana vituo vya kutotolesha vifaranga wa kaa. Vifaranga wake yeye walikuwa wanaokotwa kwenye mizizi ya mikoko na watoto wa kijijini, ndoo kwa ndoo. Hapo ndipo hasira yangu haiishi. Kaa jike mwenye mayai anatoka mkokoni, anakwenda kutotoa baharini. Mayai yanaweza kufika mamilioni, watoto wanaelea na maji kwa wiki kadhaa, wengi wanaliwa na samaki, na wachache tu ndio wanaorudi kushika matope ya mkokoni. Sasa wewe unakuja na ndoo unawazoa hao hao walionusurika, unakwenda kuwafungia walane. Hasara ni yako, na ya mzee anayetegemea tenga lake la kaa, na ya mkoko wenyewe pia, kwa sababu mashimo ya kaa ndiyo yanayopitisha hewa na maji kwenye lile tope zito.

Kinacholipa ni kimoja: nunua kaa MKUBWA aliye MWEPESI, na kila kaa awe na chumba chake. Basi. Kaa aliyetoka kujivua gamba anakuwa mkubwa kwa macho lakini ndani amejaa maji, nyama hana. Mnunuzi wa kusafirisha anambonyeza kwa kidole chini ya tumbo. Pakibonyea anamkataa au anampa bei ya kutupa. Huyo ndiye wako. Mchukue kwa bei hiyo ya kutupa, mfungie peke yake, mlishe wiki tatu nne mpaka pasibonyee tena, muuze. Hujamkuza, umemjaza nyama tu, na hujagusa kaa mtoto hata mmoja. Jike akija na mayai chini ya tumbo, mrudishe majini hata kama muuzaji anakucheka.

Chakula kisikuumize kichwa: vichwa na utumbo wa samaki, na tondo (wale konokono wa mikokoni) waliovunjwavunjwa. Ila tondo nao msiwamalize, wale wakubwa ndio wanaokula majani ya mkoko yanayoanguka. Kizimba kiwe cha fito, kiwe na vyumba na kifuniko, kikae katikati ya mikoko bila kukata hata mti mmoja, mahali ambapo maji yanafika hata kipindi cha maji mafu, yaani siku ambazo bahari inajaa kidogo tu. Anayekwambia ukate mikoko uchimbe bwawa, huyo ni ndugu yake na yule wa semina.

Nimeona mchangiaji mmoja hapo juu anasema vikaa wakishiba hawalani. Kaka, wangu walikuwa wameshiba. Kaa MMOJA, chumba KIMOJA.

Kama ulishatoa kianzio, kidai leo kabla hajabadilisha laini. Kama vikaa wameshafika, usingoje mpaka kesho: maji yakianza kujaa wapeleke kwenye mizizi ya mikoko, si kwenye mchanga wazi, uwaachie. Wavu ulionunua kwa ajili ya kile kizimba kikubwa usiutupe, ukate vipande utengenezee vyumba.