Mbwa Wangu Anadondosha Udenda, na Amefaulu Mtihani

Jumamosi iliyopita Shaba amefaulu mtihani wake wa kufuata nyayo. Nimepiga picha, nimelia, nimepigia watu simu Tanga wakati kule ni usiku wa manane. Walionipongeza ni wengi na nawashukuru. Katika hao, kijana mmoja wa Arusha ameniandikia: "Dada, mimi nina mbwa aina ya boerboel, mkubwa, mzito, mate yanamtoka kutwa nzima. Kuna mchezo wowote anaoweza, au nimwache alinde geti tu?"

Mdogo wangu, mchezo upo. Na wewe mwingine unayesoma, najua unataka hicho hicho: ulichukua mbwa mkubwa kwa sababu unataka kufanya naye kitu. Basi kaa nikueleze.

Shaba ni bladihaundi, aina ya mbwa wa kuwinda kwa kunusa, dume, mwekundu, uzito wake unakaribia kilo 50. Tuanze na udenda, maana ndio unaowakimbiza watu. Midomo yake imelegea na inaning'inia, haizibi pembeni, kwa hiyo mate hayana pa kukaa. Akinywa maji, sehemu kubwa inarudi sakafuni. Lakini kazi iko pale anapotikisa kichwa. Yale masikio marefu yanapiga mashavu, paa, paa, na uzi wa udenda unaruka mpaka kwenye kioo cha televisheni. Siku moja ulifika dari ya jikoni, ukakauka huko ukang'aa kama njia ya konokono.

Dawa yake ni kitambaa, tena vitambaa vingi. Mimi natumia kanga kuukuu nilizokuja nazo Marekani. Kanga iliyofuliwa miaka na miaka inanyonya mate kuliko taulo jipya la dukani. Moja iko mlangoni, moja karibu na bakuli la maji, moja garini. Akimaliza kunywa namfuta kabla hajainua kichwa. Hilo tu limeokoa kuta zangu. Mikunjo ya midomo na shingo naikausha kila siku, kwa sababu unyevu ukilala humo ngozi inachubuka na kunuka. Masikio naangalia ndani kila wiki. Ukutani futa mapema kwa maji ya uvuguvugu, yakishakauka utakwangua.

Halafu kuna wageni. Sisi watu wa pwani familia zetu zimechanganyika, na wifi yangu ni mtu wa swala tano. Kwa madhehebu ya Shafi, yaliyoenea pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi nzito: yakigusa nguo au chombo unaosha mara saba, moja kwa udongo. Wifi alipokuja kukaa nasi, nilimtengea chumba cha juu kikawa chake na mswala wake, nikaweka kigeti kwenye ngazi, Shaba asikanyage hata ngazi ya kwanza. Vyombo vyake vilikaa kabati la peke yake. Alikaa kwa raha mpaka akaanza kuuliza habari za mazoezi. Akaniambia, "Mbwa wa kuwinda tumeruhusiwa, wifi. Ila udenda wake ukae mbali na kanga yangu." Ukimheshimu mtu na dini yake, mbwa hawezi kuwagombanisha. Wanaopuuza hili ndio wanaowapa wafuga mbwa jina baya.

Sasa michezo. Niliwahi kumpeleka Shaba kwenye darasa la mbio za vikwazo. Umeuona mchezo huo kwenye video: mbwa anaruka viunzi, anapita kwenye bomba, anapenya katikati ya nguzo, na saa inahesabu. Mbwa wa kimo cha Shaba anatakiwa aruke inchi 24, takriban sentimita 60. Waliong'ara pale ni mbwa wepesi, wale wachunga kondoo. Shaba alikuwa akifika kwenye kiunzi anainamisha pua kukinusa, kwa sababu mbwa wote wa darasa walishakipita na yeye alitaka kujua ni nani. Watu waliokaa karibu yetu walisogeza viti vyao. Mwalimu akaniambia mbele ya darasa zima kwamba mbwa huyu ameumbiwa kulala kibarazani, nisimpotezee muda wala nisiwapotezee wengine. Nililipia darasa lile kama wenzangu wote. Nimemsamehe, lakini sijasahau, na Jumamosi ile nilimkumbuka.

Yule mwalimu alikuwa ameona pua ikifanya kazi, akaita ni uvivu. Bladihaundi ana vipokezi vya harufu vinavyokadiriwa kufika milioni 300 hivi. Binadamu hatufiki hata milioni 10. Mbwa hawa walikuzwa na watawa wa abasia ya Mtakatifu Hubert, kwenye milima ya Ardennes, Ubelgiji, na hadi leo Wafaransa wanawaita kwa jina la mtakatifu huyo. Si wa Wazungu peke yao. Kule Virunga, mashariki mwa Kongo, askari wa hifadhi wanafuata majangili kwa kutumia bladihaundi tangu 2011. Mbwa anayetegemewa msituni kumfikia mtu mwenye bunduki, mimi niambiwe ni wa kibarazani?

Basi nikaingia kwenye kufuata nyayo. Miezi ya mazoezi nitairuka, ni kutembea shambani tu na kurudi, kutembea na kurudi. Nikueleze mtihani wenyewe. Unaitwa TD, yaani Tracking Dog, mbwa wa kufuata nyayo, chini ya American Kennel Club, chama cha mbwa cha Marekani, na hata mbwa chotara wanaruhusiwa. Mtu asiyejulikana na mbwa anatembea shambani njia ya yadi 440 hadi 500, yaani kama mita 400 hadi 460, yenye kona 3 hadi 5. Njia inaachwa ilale nusu saa hadi saa 2. Mwishoni ameacha kitu chake, glavu au pochi. Wewe huambiwi njia inakopita. Unaona kibendera cha mwanzo na cha pili kinachoonyesha mwelekeo, baada ya hapo unafuata nyuma ya mbwa, futi 20 au zaidi, umeshika kamba. Hakuna alama, hakuna namba moja wala namba mbili: ni kufaulu au kufeli. Mbwa akiiacha njia kabisa, mwamuzi anapuliza filimbi, mmekwisha.

Shaba alianza vizuri. Kwenye kona ya pili harufu ikamkatikia. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka kushoto, na pale mabua ya mahindi yaliyovunwa yalikuwa yanaishia kwenye majani mabichi. Akazunguka. Akainua kichwa, akasimama kimya, uzi wa udenda unaning'inia mpaka kwenye majani. Mimi nimeshika kamba, sipumui, nasubiri filimbi. Hairuhusiwi kumwonyesha njia, na hata ingeruhusiwa ningemwonyesha nini? Pua ni yake. Akazunguka tena, duara kubwa zaidi, akashusha kichwa, mara kamba ikakazika mkononi mwangu. Ule uzito wa kilo 50 uliochekwa ndio uliokuwa unanivuta moja kwa moja mpaka kwenye glavu. Aliiwekea pua akalala chini. Nilipoinyanyua juu waamuzi waione, ilikuwa imelowa udenda chapachapa. Nimeiweka kwenye fremu hivyo hivyo, sikuifua.

Kuna wanaosema, na baadhi ni ndugu zangu wa Kitanzania hapa hapa Ohio, kwamba nimekuwa Mzungu, kwamba hela ya kumlisha mbwa ingetumwa nyumbani. Nyumbani natuma, tena kila mwezi, na anayetilia shaka akamuulize mama yangu. Mnyama uliyemchukua ni amana. Ukimfungia uani miaka kumi akabweka geti mpaka akafa, umemnyima haki yake, na hata akipata chakula kizuri kiasi gani haki hiyo hujamlipa. Mpe kazi. Mbwa mkubwa asiye na kazi ndiye anayechimba bustani, anayetafuna milango, ndiye mnayemwita mkorofi. Mpe kazi inayomfaa yeye, si inayopigiwa makofi na watu.

Kwako wa Arusha: boerboel mwache asirukeruke mpaka mifupa ikomae, umri wa mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Usimkimbize baada ya kula, maana mbwa wenye kifua kirefu tumbo hujaa gesi likajipinda, na hilo linaua ndani ya saa chache. Ukiona tumbo limevimba na anajaribu kutapika hakitoki kitu, usingoje kesho, kimbia kwa daktari wa mifugo. Joto nalo si la kuchezea. Mbwa mzito anachemka haraka, kwa hiyo toka naye alfajiri, wakati umande ungali kwenye majani. Harufu nayo inashika vizuri muda huo.

Mashindano huyahitaji ili uanze. Tafuta uwanja wenye majani ambako hawajapita watu. Mfunge mbwa pembeni, tembea mstari ulionyooka hatua kama thelathini, buruta miguu, na kila nyayo dondosha kipande kidogo cha soseji. Mwisho acha glavu yako na kipande kikubwa juu yake. Rudi kwa njia ile ile uliyokwenda nayo. Mvalishe mkanda wa kifuani, usitumie kola ya shingoni, na mkanda huo uwe wa kazi hii tu, ili akivalishwa ajue kinachofuata. Mlete mwanzo wa njia, nyamaza, mwache pua ifanye kazi. Akizoea, punguza soseji, refusha njia, kisha weka kona, kisha acha njia ilale muda mrefu zaidi. Kimoja kwa wakati. Na nyamaza, nasema tena, nyamaza, mwache anuse. Na kitambaa usisahau.

Sisi sasa tunaitafuta TDX, daraja gumu zaidi ya TD. Njia yake ni yadi 800 hadi 1,000, imelala saa 3 hadi 5, na watu wengine wameikatiza kwa miguu yao makusudi. Mimi nafanya kazi zamu ya usiku, kwa hiyo nikitoka kazini saa 1 asubuhi napitia shambani kulaza njia, narudi nyumbani nalala kidogo, saa 5 naingia na Shaba. Mwenye shamba ametupa ruhusa mpaka atakapopanda mahindi, na trekta lake ameshalitoa bandani.