Hedifoni upande mmoja unakata, ninunue waya gani?

SWALI: Mtaalamu shikamoo. Nina hedifoni zile za kuzama ndani ya sikio, waya wake ni wa kuchomeka na kuchomoa, sasa sauti ya kushoto inakatakata. Nimeenda Kariakoo nikauziwa waya nikaambiwa unaingia hedifoni zote, kufika home hauingii. Duka la pili wananiambia nichukue wa madini ya fedha (silva) eti sauti itanoga, ila bei imechangamka. Nifanyeje? (Msomaji, Mbagala)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Kabla hujatoa hela nyingine, chomoa waya pande zote mbili ubadilishe, wa kulia uweke kushoto na wa kushoto kulia, usizivae, zishike tu karibu na sikio usikilize. Kukatakata kukihamia upande wa pili basi mbovu ni waya, kukibaki palepale ujue shida iko kwenye hedifoni yenyewe au kitundu chake na hapo hata ununue waya wa dhahabu hausaidii kitu. Watu wanaruka hii hatua wanaishia kununua bure, inaniuma kweli.

Haya, tuseme ni waya. Hakuna waya unaoingia hedifoni zote. Angalia kitundu, kikiwa cha duara chenye shimo moja katikati hiyo ni MMCX, kama za Shure SE215, hizo zinabana kwa kubofya na zinazunguka, na ukizichomoachomoa kila siku zinalegea. Ukiona vishimo viwili ni za pini mbili na hapa ndo watu wanaumia, kwa sababu kuna pini za 0.78 mm na za 0.75 mm, tofauti huioni kwa macho lakini ukilazimisha nene kwenye tundu jembamba unalitanua, na nyembamba kwenye tundu pana inachezacheza unarudi kulekule kwenye kukatakata. Halafu kuna umbo, hedifoni nyingi za kampuni ya KZ tundu limenyanyuka juu na waya wake una kikofia cha kulifunika, nyingine tundu liko bapa, nyingine limezama ndani. Kwa hiyo beba hedifoni pamoja na waya wa zamani, jaribu palepale dukani, chomeka kwa kunyoosha maana pini zinapinda kirahisi. Upande mmoja ukigeuza pini, besi inapotea na sauti ya mwimbaji haikai katikati, ukisikia hivyo geuza. Nyekundu ni kulia.

Fedha inapitisha umeme kuliko shaba, kama asilimia 6 tu, kwa waya wa mita 1.2 mimi siwezi kukushauri ulipie hiyo. Chukua shaba yenye maungio imara, na kama unapigia simu hakikisha una maiki, jeki yake ina pete 3 nyeusi, isiyo na maiki ina 2. Na kwa joto letu hili futa jasho kwenye maungio kabla hujaziweka.

SWALI: Kaka, nimepata waya wa jeki nene ya 4.4 mm, simu yangu ni 3.5. Adapta inafaa? (Msomaji, Tabata)

JIBU: Inafaa ndugu yangu, utasikia kawaida tu. Usije ukafanya kinyume chake, yaani waya wa 3.5 kwenye tundu la 4.4 kwa adapta, kwa sababu 3.5 inaunganisha hasi ya kulia na kushoto pamoja wakati mashine ya 4.4 inaziendesha kila moja kivyake, unaweza kuunguza amplifaya.