Jibu: Eric Dolphy, anzia Five Spot

Ndugu, umeuliza uanze na rekodi ipi ya Eric Dolphy, mwanamuziki wa jazz, maana albamu yake Out to Lunch! ilikuchanganya ukaizima katikati. Iweke kando kwanza. Anza na zile zilizorekodiwa klabu ya Five Spot, New York, Julai 1961, akiwa na Booker Little kwenye tarumbeta. Mle ndani mpiga ngoma Ed Blackwell anashikilia mapigo vizuri, hupotei hata Dolphy anapoenda mbali na saksafoni yake.

Kutoka hukohuko Five Spot itafute "God Bless the Child", na tafadhali isikilize kwa utulivu. Dolphy yuko peke yake na klarineti ya besi, hana piano wala ngoma. Anaporomosha noti za chini kwa kasi, anaruka juu ghafla, na wimbo wenyewe unachungulia vipande vipande tu. Lakini unautambua! Mtu anayesema Dolphy alikuwa anapiga ovyo hajausikiliza huo.

Kwa filimbi, chukua "You Don't Know What Love Is" iliyorekodiwa Hilversum, Uholanzi, 2 Juni 1964. Tarehe 29 mwezi huohuo alifariki Berlin, miaka 36 tu. Inaniuma mpaka leo.

Ukirudi Out to Lunch!, usimfuate Dolphy kwanza. Mfuate Bobby Hutcherson: vibrafoni yake (ala ya vipande vya chuma vinavyogongwa) imechukua nafasi ya piano, na anaacha uwazi mwingi. Kisha sikiliza ngoma za Tony Williams, aliyekuwa na miaka 18.